Mgeni Aliyepewa Jembe: Morogoro na Vita dhidi ya Ukaburu

Zimezuka namna mbili za kusimulia jinsi utawala wa makaburu ulivyoangushwa huko Afrika Kusini, na zote mbili, kwa maoni yetu, zinampotosha kijana anayesoma historia. Namna ya kwanza husema kwamba dhamiri ya dunia iliamka kwanza Ulaya: wanafunzi wa London na Stockholm waliandamana, akina mama wakaacha kununua matunda yenye chapa ya Cape, wanamuziki wakapiga magitaa uwanjani, na hatimaye mlango wa gereza ukafunguka. Katika masimulizi hayo Afrika ni mgonjwa aliyelala kitandani akimsubiri mganga. Namna ya pili ni yetu wenyewe, na kwa sababu hiyo inatuuma zaidi. Hiyo husema kwamba Tanzania, kwa wema wake, iliwagawia watu wa kusini ardhi, chakula na hati za kusafiria, na sasa watu hao wameneemeka, wametusahau, na ndugu zetu wakienda kwao wanafukuzwa kwa mawe.

Masimulizi haya yanaonekana kugombana, kumbe ni ya tumbo moja. Yote yanauchukulia mshikamano kuwa tendo la mwenye nacho kumpa asiye nacho. Tofauti yake ni kwamba la kwanza linadai shukrani zipelekwe Ulaya, na la pili linadai ziletwe Dar es Salaam. Sisi twayapinga yote mawili, na ushahidi wetu hatuutoi mbali. Twautoa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka 25 mambo hayo hayakuwa hotuba bali yalikuwa tofali, mahindi, kitanda cha hospitali na kaburi.

Tuanze na London, kwa kuwa ndiko wanakotaka tuanze. Ni kweli kwamba chama kikubwa cha Waingereza cha kupinga ubaguzi kilizaliwa huko. Lakini tuulize kilizaliwaje. Septemba 1958 wajumbe wa vyama vya kupigania uhuru vya Afrika Mashariki na Kati walikutana Mwanza wakaunda PAFMECA. Desemba ya mwaka huohuo mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra ulitaka bidhaa za Afrika Kusini zisusiwe. Huko kwao, Chifu Albert Luthuli na ANC walikuwa wameshautaka ulimwengu uache kuwalisha watesi wao. Ndipo tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn, London, waliposimama Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni pamoja na marafiki zao kuanzisha harakati za kususia. Miongoni mwa wasemaji alikuwapo Padre Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Alikuwapo pia Julius Nyerere, Rais wa TANU, mtu ambaye nchi yake wakati huo ilikuwa bado inatawaliwa na gavana wa Kiingereza.

Yafaa mwanafunzi atue hapa kidogo. Mtawaliwa alisafiri hadi mji mkuu wa mtawala, akasimama mbele ya watu wa huko, na hakuwaomba kitu. Aliwaeleza kwamba Waafrika hawatafuti fadhila ya pekee kutoka kwao. Wanachowataka ni kuondoa mkono wao katika ukaburu, yaani kuacha kununua bidhaa zake. Maana yake ni kwamba Mwingereza hakuitwa atoe sadaka. Aliitwa aache kosa. Kila alipotia chungwa la Cape kikapuni alikuwa analipa mshahara wa polisi aliyempiga mtu mweusi kwa kukosa kitabu cha pasi. Baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, harakati hizo zikageuka kuwa chama cha kudumu cha kupinga ukaburu. Hatuwanyimi Waingereza hao sifa yao. Wengi walisimama mvuani miaka 30 bila kuchoka. Twasema tu kwamba wao waliitikia, na anayeitikia si aliyetoa mwito.

Machi 1961 Nyerere aliandika katika gazeti moja la London kwamba Tanganyika huru haitakaa katika Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini ya makaburu. Tanganyika ilikuwa haijapata hata uhuru wake, nayo tayari inaweka masharti ya kuingia! Mnamo Mei 31 mwaka huo Afrika Kusini ikawa jamhuri, ikawa nje ya Jumuiya. Nchi maskini ilikuwa imejua mapema kwamba kuna kitu inaweza kukataa, na kwamba kukataa nako ni silaha.

Sasa tuulize: wakulima wa Tanganyika, ambao wengi wao hawakuwa wamemwona kaburu hata mmoja, walielewaje jambo hili upesi namna hiyo? Wapo wasemao kwamba waliambiwa na viongozi wakaitikia. Twadhani hao hawaijui nchi hii. Mtanganyika hakuhitaji kusafiri hadi Johannesburg ili ajue ubaguzi. Hadi mwaka 1961 shule za nchi hii zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Kazi katika mashamba ya mkonge yaliyojaa katika nchi tambarare ya Morogoro ilihesabiwa kwa kipande, na watu walioletwa kutoka mbali kuifanya waliitwa kwa namba, hata lugha yetu ikapata neno manamba.

Na juu milimani kulikuwa na darasa jingine. Mnamo miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao. Wataalamu waliukuza mpango huo kwa maneno mazuri ya kuhifadhi udongo. Mluguru aliyeshika jembe aliona kwamba kuchimba matuta yale kunafukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo mfu, na kwamba anafanyishwa kazi ya shuruti katika shamba la ukoo wake, kwa amri ya mtu asiyelima. Julai 1955 watu kwa maelfu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akafa, na baada ya hapo mpango ukafifia na kuachwa. TANU ilipofika milimani ilikuta moto umekwisha kuwashwa. Basi wazee wa Uluguru waliposikia kwamba kuna nchi ambako mtu mweusi haruhusiwi kulima anapotaka, kulala anapotaka wala kwenda anapotaka, hawakusikia habari ya kigeni. Walisikia habari ya Matombo, ila kubwa zaidi.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa Mei 1963 uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam, nayo ikadumu hadi 1994. Vyama vikamiminika. Serikali yetu, ambayo haikutaka jiji lijae wapiganaji na wapelelezi, ilivitaka vyama hivyo vibakize ofisi ndogo tu Dar es Salaam na vingine vyote vihamie bara. Wapiganaji wa ANC walipata kambi Kongwa, na makao makuu ya chama chao yakaja Morogoro. Ndivyo mji huu mdogo, wenye soko, kituo cha reli na ukungu wa asubuhi milimani, ulivyogeuka kuwa mji mkuu wa uhamishoni wa taifa lililofungwa minyororo.

Tarehe 25 Aprili 1969 wajumbe zaidi ya 70 wa ANC walianza mkutano wao Morogoro, wakauendesha hadi Mei Mosi. Haukuwa mkutano wa kupongezana. Miezi michache kabla, tarehe 3 Februari, Eduardo Mondlane wa FRELIMO alikuwa ameuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kifurushi. Vita vya Wankie vya mwaka 1967, ambamo vijana wa ANC walijaribu kupenya Rhodesia ili wafike kwao, vilikuwa vimeshindwa. Chris Hani na wenzake walikuwa wameandika waraka mkali wakiwashutumu viongozi kwamba wamezoea uhamisho na kuwasahau wapiganaji. Oliver Tambo aliuweka uongozi wake mezani, na wajumbe wakamrudishia. Jambo kubwa kuliko yote, kwa somo letu, ni kwamba wajumbe walijiuliza kama chama kinachopigana na ubaguzi wa rangi kinaweza chenyewe kufunga mlango kwa rangi. Wakaamua kwamba wenzao wasio Waafrika walioko uhamishoni waingie uanachama, na katika Baraza la Mapinduzi lililoundwa hapo wakakaa watu kama Yusuf Dadoo na Joe Slovo. Hawakufika mwisho wa njia. Halmashauri Kuu ya chama ilibaki ya Waafrika watupu hadi mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Lakini hatua ilipigwa Morogoro, na ni ajabu kwamba wapo wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne katika mji huohuo wakiujua mkutano wa Berlin wa 1884 siku kwa siku, na ule uliofanyika nyuma ya uzio wa jirani zao hawaujui hata kwa jina.

Wala hatutaki kupaka sukari. Mwaka huohuo wa 1969, katika hofu ya njama za kuipindua serikali, Tanzania iliwaamuru wapiganaji wa ANC waondoke Kongwa, nao wakapelekwa hadi Urusi ya Kisovieti. Ilikuwa saa chungu. Wanaotaka historia ya mshikamano iwe wimbo wa harusi hulificha jambo hili. Sisi twalitaja kwa sababu linatusaidia: watu waliofukuzana na kurudiana si mfadhili na mfadhiliwa. Mfadhiliwa akifukuzwa hurudi akipiga magoti. Hawa walirudi wakiwa wanadamu walio na shauri lao, na serikali ikawapokea hivyo.

Twaja sasa Mazimbu, ambako ndiko hoja yetu ilikosimama.

Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, lugha ya watesi wao. Nyuma ya hapo kulikuwa na sheria ya 1953 iliyokusudiwa kuifanya elimu ya mtoto mweusi iwe ya kumwandaa kutumikia. Walipigwa risasi. Waliosalimika walikimbia kwa maelfu kupitia Swaziland, Botswana na Msumbiji, wengi wakiwa na umri wa kidato cha pili na cha tatu. Chama chao kikajikuta na jeshi la watoto wasio na shule. Mwaka 1977 Tanzania ilikipa ANC shamba la mkonge lililoachwa la Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wakati huo alikuwa Mama Anna Abdallah. Mahali ambapo zamani jasho la mtu lilihesabiwa kwa kipande, palitakiwa pajengwe shule ya watoto ambao wazazi wao walihesabiwa kwa pasi.

Walipewa nini basi? Majengo machakavu, vichaka na mkonge ulioota ovyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wanafunzi wa kwanza walisoma nusu na kufyeka nusu. Elimu ya Kujitegemea, ambayo nchi yetu ilikuwa imeitangaza mwaka 1967 na ambayo shule zetu nyingi ziliitekeleza kwa kulegalega, ilipata pale wanafunzi waliolazimika kuiamini, maana bila kulima hakukuwa na chakula cha kutosha na bila kufyatua matofali hakukuwa na bweni. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyekamatwa Johannesburg mwaka 1977 na kunyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Pakajengwa shule ya sekondari, shule ya msingi, kituo cha watoto wadogo kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, karakana, shamba la mahindi na mifugo, na hospitali iliyosimamishwa kwa msaada wa wananchi wa Uholanzi. Mwaka 1982 ikaongezwa ardhi nyingine Dakawa. Tambo aliifungua shule rasmi Agosti 1985, ilipokuwa tayari imekwisha kufanya kazi miaka saba.

Hapa ndipo tunapokutana tena na watu wa London na Stockholm, na hapa twawasalimu kwa heshima. Nchi za Nordiki, Uholanzi, Ujerumani Mashariki na nyinginezo zilitoa fedha, vifaa, walimu na mafundi. Lakini kila sanduku lilishushwa bandarini Dar es Salaam na mabega ya Watanzania, likasafiri kwa barabara ya Watanzania, likafunguliwa mahali ambapo mamia ya Watanzania, waashi, madereva, wapishi na vibarua wa shambani, walikuwa kazini. Dunia nzima ilipotaka kuonyesha mshikamano wake kwa kitu kinachoshikika mkononi, ilibidi ipite Mazimbu. Huo ndio ukweli ambao masimulizi ya kwanza yanauruka.

Na tukumbuke Tanzania ya miaka ile ilikuwaje. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita vya kumng'oa vikameza akiba ya nchi. Bei ya mafuta ikapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mama wa Morogoro alipanga foleni kutwa kwa kipande cha sabuni. Katika hali hiyohiyo, upande wa pili wa barabara, palikuwa na wageni waliovaa nguo zilizotoka Ulaya na waliotibiwa katika hospitali mpya. Je, hapakuwa na manung'uniko? Yalikuwapo. Nguo za msaada zilivuka uzio zikauzwa mitaani. Vijana waligombana vilabuni. Kila mji unaopokea wageni kwa miaka mingi hujua mambo hayo. Lakini wanaodhani kwamba umma ulivumilia kwa kuwa serikali iliamuru tu, watueleze mwaka 1984.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa safarini kutoka Dodoma. Hapo Dakawa gari lake liligongana na gari lililokuwa likiendeshwa na kijana mkimbizi wa ANC, na Sokoine akafariki. Walimu wenye umri wanaikumbuka siku ile. Alikuwa kiongozi aliyependwa na maskini kuliko wengi, na uvumi ulienea nchini kama moto wa nyika. Katika nchi nyingine, wiki ile ingetosha kuzifagia Mazimbu na Dakawa zisibaki hata ukuta. Watu wa Morogoro wangeweza kuvuka uzio na mapanga, hawakuvuka. Serikali ingeweza kukifunga chuo. Haikukifunga, na mwaka uliofuata Tambo akaja kukifungua rasmi. Mwaka 1992, baada ya ANC kurejea kwao, majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania na kuwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo kilichopewa jina la Sokoine. Leo kijana anayesoma pale yuko katika kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Majina hayo mawili yamekaa pamoja katika kibao kimoja, na hatujui mnara wowote wa ukombozi barani Afrika unaosema mambo mazito kuliko kibao hicho. Pamoja na hayo, aghalabu wanaopita chini yake hawaelezwi.

Twarudi kwa wale wa daftari la deni. Wanasema: tulitoa, hatukulipwa. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika ghasia dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika wenzao. Ghasia zikarudi mwaka 2015 na 2019. Je, hayo ndiyo malipo?

Hasira hiyo twaielewa, lakini hesabu yake ni mbovu. Kwanza, daftari hilo linaanzia wapi? Uhuru wetu ulipokaribia, wauguzi wengi wa Kiingereza walifungasha wakaondoka katika hospitali zetu. Waliokuja kuziba pengo, kuanzia mwaka 1961, walikuwamo wauguzi Waafrika wapatao 20 kutoka Afrika Kusini, waliokubali kuacha kwao bila kujua kama watarudi. Waliwahudumia wagonjwa wetu kabla sisi hatujawapa wao hata ekari moja. Tuliandike wapi hilo? Pili, sera yenyewe haikuwa huruma tupu. Ukaburu ulikuwa jirani mwenye silaha aliyekuwa akizipiga Msumbiji, Angola na Zambia. Nchi huru yoyote ya Afrika iliyodhani itastawi huku mtu mweusi anahesabiwa nusu mtu upande wa kusini ilikuwa inajidanganya. Tulipovunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, hatukuwa tunawafadhili Wazimbabwe. Tulikuwa tunasimamia neno ambalo utu wetu wenyewe uliegemea.

Lakini la tatu ndilo kubwa. Anayedai kulipwa hujinyima haki ya kusema. Mdai akimkemea mdaiwa, watu husema anatafuta fedha zake. Watu wa Uluguru na pwani yote hadi Uzaramo wanao uhusiano mwingine, nao ni utani. Mtani hufika msibani bila kuitwa, hushika jembe la kaburi, hupika, na hachukui ujira. Kwa sababu hiyohiyo anaweza kumwambia mfiwa, mbele ya watu wote, maneno ambayo ndugu wa damu hathubutu kuyatamka. Mamlaka yake hayatokani na deni. Yanatokana na kuwa alikuwapo. Basi yatupasa tuwaambie ndugu zetu wa kusini, bila kumung'unya maneno, kwamba kijana wa Alexandra au Durban anayemtimua Mmsumbiji kwa sababu ya lafudhi yake anafanya kazi ya kaburu bila mshahara. Tuwaambie hivyo kwa kuwa tumechimba makaburi yao Mazimbu, na makaburi hayo yapo hadi leo.

Nao wangekuwa na haki ya kutujibu kwa utani, watuulize: na ninyi, watoto wetu mmewafanya nini? Hapo ndipo masimulizi yote mawili, la Ulaya na la deni, yanaponyamaza pamoja.

Maana katika miaka ile yote wageni hawakuishi na mahindi na matofali peke yake. Walipenda, wakapendwa. Wanawake wa Morogoro walifunga ndoa na wapigania uhuru, wengine kwa idhini ya chama, wengine kwa idhini ya wazee, na wengine bila idhini ya yeyote. Walificha watu, walibeba barua, walipika kwa ajili ya mikutano ambayo hawakuruhusiwa kuketi ndani yake. Walijifunza Kizulu na Kixhosa jikoni. Tarehe 2 Februari 1990 ANC iliporuhusiwa tena kwao, na wageni wakaanza kufungasha, baadhi ya wanawake hawa walifuatana na waume zao hadi nchi ambayo hawakuijua. Wengine waliachwa na ahadi ya barua. Barua kwa wengi haikufika, na watoto wakakua Morogoro wakiwa na majina ya Kiluguru au Kipogoro upande mmoja na majina ya Soweto upande wa pili, bila karatasi ya kuthibitisha la pili.

Wapo waliowaita watoto hao watoto wa wakimbizi, kama kwamba hawana kwao. Huu ni ujinga wa mila zetu wenyewe. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Mtoto aliyezaliwa na binti wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake, ana mjomba wa kumsimamia na ana ardhi ya kuulizia milimani, awe baba yake ametoka Mgeta au Port Elizabeth. Desturi hiyo, ambayo wasomi wetu wengi waliifundisha kama mabaki ya kale, ilifanya kwa utulivu kazi ambayo serikali mbili zilishindwa kuifanya. Iliwapa watoto wa mapambano mahali pa kusimama. Ikiwa tunatafuta mchango wa utamaduni wa taifa katika ukombozi wa Afrika, tusiutafute katika ngoma zilizochezwa uwanja wa ndege tu. Tuutafute kwa mjomba wa Kinole au Matombo aliyemega shamba la migomba akampa mpwa wake mwenye jina la Kizulu.

Tumeambiwa kwamba mambo haya ni ya faragha na hayana nafasi katika vitabu vya historia. Twakataa. Foleni ya sabuni ilikuwa ya faragha? Kufyatua matofali kulikuwa kwa faragha? Wanaume waliokuja na kwenda wameandikwa, sahihi zao zimehifadhiwa, barabara zimepewa majina yao. Mradi wa nchi za kusini mwa Afrika uliobeba jina la Brigedia Hashim Mbita, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi tangu 1972, ulikusanya shuhuda nyingi za wapigania uhuru katika majuzuu mazito, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini majuzuu hayo hayawezi kufika kila ua wa Mazimbu, Kihonda na Dakawa. Walimu wa Morogoro wanaweza. Wanafunzi wao wanaishi humo.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa historia na wa Kiswahili katika mkoa huu wafanye jambo moja lisilohitaji bajeti. Wawatume wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, wawiliwawili, na daftari na kalamu, kwa bibi ambao walifanya kazi au waliolewa ndani ya uzio ule. Waulize kwa adabu, na wasiwe na haraka: kibarua kililipwaje, walipika nini, waligombana kwa nini, nani aliwafundisha kushona, nani aliondoka na ndege ya mwaka gani, na nani alibaki. Waandike majibu kwa maneno ya bibi mwenyewe, na kabla ya kutoka wamsomee kile walichoandika ili arekebishe. Madaftari yawekwe katika maktaba ya shule, na nakala ipelekwe kampasi ya Solomon Mahlangu. Msichana aliyekuwa na miaka 20 Mahlangu aliponyongwa sasa amekwisha kupita miaka 65, na wengine miongoni mwao kila masika hushindwa kupanda mlima kwenda shambani.